Liam Hakuliua Jina la Bibi

Takwimu za majina ya watoto zikitoka Uingereza au Marekani, makundi ya WhatsApp ya Arusha na Moshi huwaka. Mmoja anarusha orodha, Liam, Noah, Olivia, Amelia, akiwahimiza wanaotarajia mtoto wachague mapema. Haipiti nusu saa, shangazi mmoja anajibu kwa uchungu kwamba kwa mwendo huu Aikaeli wa Kichaga atabaki kwenye mawe ya makaburi, na Namunyak wa Kimaasai kwenye vibao vya kambi za watalii. Ubishi huo umekaa vibaya tangu mwanzo. Majina ya nyumbani yanapotea, hilo shangazi ameliona sawasawa, lakini Liam siye aliyeyaua. Yanapotelea kwenye fomu, ile yenye visanduku vitatu vya jina la kwanza, la kati na la ukoo, ambayo kila mtoto anayezaliwa leo lazima aipitie. Visanduku viwili kati ya hivyo vina wenyewe kabla mtoto hajatoa kilio chake cha kwanza. Hapo ndipo pa kutazama.

Kwanza tuzitazame orodha zenyewe, maana nusu ya kelele inatokana na kutojua zinavyotengenezwa. Kule England na Wales, ofisi ya takwimu huchukua majina yote yaliyosajiliwa mwaka mzima na kuyahesabu herufi kwa herufi. Muhammad ni jina moja, Mohammed ni jingine, Mohammad ni la tatu. Mwaka 2023 Muhammad, kwa tahajia hiyo moja tu, liliongoza kwa wavulana kwa mara ya kwanza, watoto 4,661, likampita Noah. Mwaka 2024 likaongoza tena. Watu wakaandika kwamba Uingereza imegeuka nchi ya Kiislamu. Wapi! Sensa ya 2021 iliwakuta Waislamu wakiwa asilimia 6.5 ya watu wa England na Wales. Jina lilifika kileleni kwa sababu familia za Kiislamu hukusanyika kwenye jina la Mtume, ilhali majirani zao wametawanyika kwenye maelfu ya majina. Ni sawa na uchaguzi wenye wagombea elfu: anayeshinda ni yule mwenye kura chache zilizoshikana. Na hao 4,661 walikuwa chini ya wawili katika kila wavulana 100 waliozaliwa mwaka ule.

Marekani inaonyesha jambo hilohilo kwa kipimo kirefu zaidi. Mamlaka yao ya hifadhi ya jamii hutoa orodha zinazorudi nyuma hadi 1880, na huacha nje jina lolote lililopewa watoto pungufu ya watano kwa mwaka. Mwaka 1880 John peke yake alichukua wavulana 8 katika kila 100, na Mary wasichana 7. Liam, anayeongoza tangu 2017, anachukua takriban mmoja katika 100. Kilele kimekuwa chembamba mno, na kuwa namba moja leo ni cheo kidogo kuliko ilivyokuwa kwa babu zao. Ujerumani haina hata orodha ya serikali. Chama kimoja cha lugha ya Kijerumani hukusanya majina kutoka ofisi za usajili na kuziunganisha tahajia zinazosomeka sawa, Sophia na Sofia wakahesabiwa mmoja. Ukiweka namba moja ya Ujerumani kando ya namba moja ya Uingereza, unalinganisha kilo na debe. Kwa hiyo mzazi wa Njiro, hapa Arusha, anayedhani kwamba Liam ndilo jina ambalo “Wazungu wote” wanawapa watoto wao amekosea, na shangazi anayeogopa gharika naye ameogopa kijito.

Kuna neno jingine linalotumika ovyo katika mabishano haya, “jina la kizungu”. Noah ni Nuhu wa Biblia na wa Kurani, ingawa kwetu ukilitaja jina hilo stendi watu wanageuka kutafuta gari. Liam ni ufupisho wa William uliotoka Ireland. Lakini uzito wa hoja uko hapa nyumbani zaidi kuliko huko, kwa sababu mteremko wa Kilimanjaro na Meru una historia ndefu ya kuyapika majina ya wageni hadi yakawa chakula cha hapa. Mapadre Wakatoliki walijikita Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, wakafika Machame 1893. Wakatoliki wakaleta watakatifu na Kilatini: Aloyce, Gaudence, Proches, Deogratias. Upande wa Kilutheri kukaota kitu ambacho sehemu nyingine za nchi bado wanakishangaa, jina la Mungu la Kiebrania, Eli, likaunganishwa na kitenzi au neno la hapa. Elibariki. Elisante. Elihuruma. Aikaeli na Haikaeli, kutokana na aika au haika, asante ya Kichaga. Kizazi kilichofuata kikatafsiri mashine hiyohiyo kwa Kiingereza, ndipo tukapata Godbless, Godlisten, Praygod na Godlove.

Yaweke mezani uone. Deogratias ni Kilatini, “shukrani kwa Mungu”. Haikaeli ni hilohilo. Elisante ni hilohilo. Asanterabi pia. Majina manne kutoka madhehebu na lugha tofauti, na bibi zao wote wanasema neno moja. Godlisten anayechekwa vyuoni Dar es Salaam ana maana moja na Ishmaeli, “Mungu husikia”, kwa hiyo yeye na Ismaili wa duka la jirani ni wajina. Naserian wa Kimaasai ni wa amani, na Irene wa Kigiriki ni amani. Nashipai, Furaha, Happiness na Felista wote wanatokana na furaha. Anayesema Godbless ni Kiingereza kibovu hajui Kiingereza: Wapuritani wa karne ya 17 waliwaita watoto wao kwa sentensi nzima, na Bunge la Uingereza la 1653 lilitaniwa kwa jina la mfanyabiashara wa ngozi aliyeitwa Praise-God Barebone. Wajerumani wacha Mungu walikuwa na Gotthilf, Traugott na Gottlieb. Mozart, mtunzi wa muziki, alibatizwa Theophilus, kwa Kijerumani Gottlieb, na dunia imembakiza Amadeus. Akizaliwa Marangu leo angekuwa Godlove Massawe, na hakuna angemshangaa.

Hata kanisa limelegeza kamba. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakishikilia jingine, yeye aongeze la mtakatifu. Sheria ya 1983 inataka tu lisiwe jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Kwa hiyo anayesema leo kwamba dini ndiyo inayolikataa jina la Kichaga au la Kimeru ana hoja ya zamani mikononi. Ruwa ni Mungu kwa Kichaga, na neno hilo limekaa ndani ya jina la Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, Jude Thaddaeus Ruwa’ichi, tena pamoja na alama yake ya ritifaa. Padre wa leo atambatiza mtoto jina la hapa kama Ndekirwa bila kukunja uso.

Kama dini haizuii na wageni si wapya, jina linapotelea wapi? Turudi kwenye fomu. Kwa desturi ya Kichaga, mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa mabibi. Wakikuyu wa Kenya wana mpangilio unaofanana na huo. Kwa Wamaasai mtoto huweza kukaa na jina la muda, kisha akapewa lake kwenye sherehe ambayo yeye na mama yake wananyolewa nywele. Muislamu huchinja akika siku ya saba, wanyama wawili kwa mvulana na mmoja kwa msichana, na nywele hunyolewa. Desturi zote hizi zina mambo mawili ya pamoja. Jina hutolewa na watu zaidi ya baba na mama, na hutolewa baada ya muda. Zaidi ya hapo, mdomo hauna idadi ya visanduku. Mtoto wa Uru au wa Akeri aliweza kuwa na jina la ubatizo, la babu na la utani, kila moja na watu wake wa kuliita, na hakuna lililomsukuma mwenzake.

Karatasi haina ukarimu huo. Kisanduku cha kati ni cha baba. Cha tatu ni cha ukoo: Mushi, Lyimo, Shirima, Mollel, Laizer, Kaaya, Pallangyo. Mtoto amebakiwa na kimoja, na majina yanayokigombea ni mawili au matatu. Anayeulizwa jina la kuandika kwenye tangazo la kizazi, karatasi ya hospitali inayotangulia cheti cha kuzaliwa, ni mama aliye wadini, siku moja baada ya kujifungua, muuguzi amesimama na kalamu, bibi yuko Rombo anasubiri Desemba. Jina lililo karibu ndilo linaloandikwa, na lililo karibu ni lile lililokuwa kwenye simu miezi mitatu. Bibi akifika na Ndekirwa wake anakuta kisanduku kimejaa. Anamwita mtoto hivyohivyo, na wajukuu wengine wanamwita hivyo, lakini siku bibi anapozikwa jina linazikwa naye kwa sababu halipo popote kwa maandishi. Sheria inatoa siku 90 za kusajili kizazi bila usumbufu, muda wa kutosha kwa akika, kwa kunyoa na kwa safari ya Rombo. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya 2013, umesogeza cheti hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata bila malipo, na ni jambo jema kabisa. Ila umeyafanya majina yaandikwe mapema kuliko desturi yoyote iliyowahi kuyatoa.

Wahabeshi wana mpangilio unaokaribia wetu: jina la mtoto, la baba, la babu, bila jina la ukoo. Na Wakristo wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia nao wana jina la ubatizo. Tofauti ni kwamba la ubatizo kwa kawaida hubaki kanisani na la kila siku ndilo linaloandikwa. Tafari Makonnen alijulikana kwa jina hilo hadi alipotawazwa, ndipo la ubatizo, Haile Selassie, likatoka hadharani. Kisanduku ni kimoja kule na huku, ila wao walikwisha amua ni jina gani linastahili karatasi na lipi linatunzwa na watu. Sisi hatukuamua. Tulimwachia aliyeshika kalamu.

Wapo wanaojaribu kupenya kwa kuandika majina manne, Liam Ndekirwa Godlisten Mushi. Kwenye cheti inakubalika, shida huja baadaye. Shuleni mwalimu anaandikisha matatu, mara nyingi akiliruka la pili, na matokeo ya mtihani wa taifa yanatoka Liam Godlisten Mushi. Ofisi nyingine inachukua matatu ya mwanzo, akawa Liam Ndekirwa Godlisten. Sasa kuna watu wawili. Kosa la kawaida zaidi ni la kisanduku cha tatu: hospitalini ameandikwa babu, Elibariki, shuleni ukoo, Mushi. Kila karatasi ni ya kweli, lakini mfumo unaolinganisha herufi haujui kwamba babu na ukoo ni nyumba moja. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu huhakikiwa cheti chake cha kuzaliwa kwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na hapo ndipo vijana wengi hugundua kwamba wamekuwa wakiitwa watu wawili tangu wakiwa na miaka saba. Kwa kuwa cheti cha mtihani ndicho kigumu kurekebishwa, watu huzirekebisha karatasi nyingine zote zifanane nacho, kwa viapo na hati za kubadili jina zinazoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Mtetezi wa asili asidhani majina ya hapa yanaokoka kwenye mtego huu. Yana mitego yake. Saning’o wa Kimaasai ana alama ya king’ong’o, ile koma ya juu: ofisi moja inaiandika, ya pili inaiacha akawa Saningo, ya tatu kompyuta yake inaweka nafasi tupu na kumgawa mtu vipande viwili. China iliwahi kupitia hayo kwa ukubwa wake, vitambulisho vilipoingia kwenye kompyuta na wenye herufi adimu wakakuta mashine haina herufi zao. Majina ya ukoo nayo yana tahajia mbilimbili: Mollel na Molel, Laizer na Laiser, Massawe na Masawe, Urassa na Urasa, Pallangyo na Palangyo. Ndugu wa tumbo moja hutofautiana kwa “l” moja, na siku ya mirathi “l” hiyo inagharimu kiapo. Jayden naye ni Jaden, Jaiden na Jeiden kutegemea muuguzi alisikiaje. Kwa mtego huu, Jayden na Saning’o ni ndugu.

Kuna hoja za kweli upande wa wazazi wa Liam. Mtoto ni wao, na ndoa za leo zinaunganisha Mchaga na Msukuma au Mmaasai na Mnyakyusa, ambapo jina la mgeni huwa uwanja usio na mwenyeji. Hilo nalikubali. Jina la upande mmoja linaweza kusomeka kama ushindi wa upande huo. Hoja dhaifu ni ile ya kwamba jina la kimataifa litamfungulia mtoto milango ya kazi. Wanaoisema hunukuu bila kujua utafiti wa 2004 wa Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, waliotuma takriban wasifu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, na kukuta wenye majina kama Emily na Greg wakiitwa kwa usaili kwa nusu zaidi ya Lakisha na Jamal, majina yanayohusishwa na Wamarekani weusi. Utafiti huo unahusu ubaguzi wa rangi wa waajiri wa Marekani wanaobahatisha rangi ya mtu kutokana na jina. Mwajiri wa Arusha akisoma Liam Mollel ameshajua anakotoka. Mwaka huohuo Roland Fryer na Steven Levitt walitumia kumbukumbu za vizazi vya California na kukuta kwamba ukizingatia hali ya familia alikozaliwa mtoto, jina lenyewe halimwangushi maishani. Tena katika mji huu ambao safari za watalii zinalisha nyumba nyingi, Lengai kwenye kadi ya mwongoza watalii ni mtaji.

Upande wa pili hoja dhaifu ni ya kuitaka serikali iweke orodha ya majina yanayoruhusiwa. Ufaransa ilijifunga kwa sheria ya 1803 hadi ilipoachana nayo 1993, na walioumia zaidi walikuwa watu wa pembezoni wenye lugha zao, kama wa Bretagne. Orodha ya serikali ingemlinda nani hapa, Mchaga au Mwarusha? Iceland ina kamati ya majina tangu 1991, lakini sababu yake kubwa ni sarufi, jina lazima likubali viambishi vyao vya mwisho. Kiswahili hakina shida hiyo, kinameza lolote na kulitia irabu. Wanaofaa kuigwa ni Wajapani. Tangu 26 Mei 2025 rejista yao ya familia inaandika pia jinsi jina linavyosomwa, na usomaji huo lazima uwe unaokubalika kwa kawaida. Jina lenyewe hawakulipiga marufuku, walichofunga ni mwanya wa maandishi kwenda njia moja na sauti nyingine. Sisi tungenufaika zaidi na fomu yenye kisanduku cha nne, “jina la nyumbani”, kinachosomwa na kila mfumo unaofuata, kuliko na kamati yoyote.

Hadi kisanduku hicho kije, uamuzi uko kwa aliyeshika kalamu, na ushauri wangu ni kugeuza mpangilio. Jina linaloitwa kila siku halihitaji karatasi, litaishi kwa kuitwa. Linalohitaji karatasi ni lile lenye waitaji wachache waliozeeka. Mwandike Ndekirwa, mwite Liam. Mapingamizi ninayajua: atataniwa darasani, mwalimu kutoka Mtwara atalitamka kombo. Atataniwa kweli, kama Godlisten alivyotaniwa. Basi chagua lile fupi kati ya majina ya ukoo wenu, lenye tahajia moja. Liandike kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi kabla ya kwenda hospitali, mpe mtu asiye wa kabila lako alisome kwa sauti, kisha mtajie mwingine kwa simu aliandike. Likirudi lilivyokwenda mara zote mbili, linafaa. Kubalianeni kisanduku cha tatu ni babu au ukoo na msibadilishe kwa mtoto wa pili. Tangazo la kizazi lisome kabla ya kutoka wadini, hasa jina la baba, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi hukaa bila kuonekana, kila mtu akiwa anatazama la mtoto.

Jambo moja shangazi wa WhatsApp hulisahau katika hasira yake. Kisanduku cha kati ni cha baba, na cha tatu ni cha ukoo wa baba. Kwa desturi ileile anayoitetea, mtoto wa pili ni wa upande wa mama, na jina lake lingetoka huko, kwa bibi wa Kibosho au wa Monduli ambaye hana kisanduku kingine chochote kwenye karatasi ya mjukuu wake. Kisanduku cha kwanza ndicho mahali pekee ambapo ukoo wa mama unaweza kuandikwa, na ndicho tunachomwekea Liam.